Barua za Zuhura

Jumapili, 6 Julai

Mkutano wa Umoja wa Kibanjani, sisi tulioko ugenini tunaosomesha watoto wa mji wetu. Ukumbi ule ule wa Fordsburg, baridi ile ile. Nimepika wali wa nazi na maharage kama kawaida, na kama kawaida nimerudi na masufuria peke yangu.

Rafiki yangu Tatu kagawa barua za watoto. Wenzangu wanapata mistari mitatu: shikamoo, tunaendelea vizuri, tunashukuru kwa madaftari. Zuhura wangu anaandika kurasa mbili. Yuko kidato cha nne sasa, mtihani ni mwisho wa mwaka. Nimemlea kwa barua tangu darasa la tano na sijamwona hata siku moja. Karatasi zangu za hapa haziniruhusu kutoka nikarudi. Na kanuni ya Umoja inakataza kupigiana simu na watoto, eti wazazi wao watatusumbua. Kila kitu kinapita kwa katibu. Katibu ni Tatu.

Anataka niisome barua hii mbele ya wageni wa Midrand, Jumapili ya tarehe ishirini. Kuna Mkenya mwenye kampuni anafikiria kutuezekea madarasa mawili ya shule ya kwetu. Nimekubali. Najivuna, kusema kweli.

Jumanne, 8 Julai

Nimeisoma tena wakati wa mapumziko, jikoni kazini. Anasema lami imefika mjini na pale njia panda ya soko wameweka robot. Anasema anamwombea marehemu mume wangu, Baba Rehema, kila Ijumaa. Anasema akifaulu atasomea uuguzi, aishike sindano kama mtu anayeijua, si kama mtu anayeiogopa.

Nilimfasiria Thandi, anayeosha vyombo, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Akafuta macho kwa aproni. Akasema eish, huyu ni mwanao kabisa.

Alhamisi, 10 Julai

Kwenye taksi ya kutoka kazini abiria nyuma yangu akaomba ashushwe baada ya robot. Wanasema hivyo kila siku. Leo nilishtuka kama nimeitwa jina.

Kwetu hakuna anayesema robot. Mtoto wa Kibanjani angesema taa za barabarani. Mimi mwenyewe neno hilo nimelikuta huku.

Nikajiambia kalisikia mahali. Nikajiambia hivyo mpaka Mayfair. Nilipofika nyumbani nikatoa barua zote, nikazipanga kitandani, nikazisoma kama askari.

Ile ya sindano ni maneno yangu. Nilimwambia Tatu mwaka tuliofika, tukilala godoro moja Hillbrow, kwamba nilitaka kuwa muuguzi baba akakataa. Sijamwambia mtu mwingine, hata marehemu mume wangu. Miaka yote hii nilishangaa jinsi mtoto huyu anavyofanana nami. Nilidhani ni kazi ya Mungu.

Sijapika. Binti yangu Rehema kala mkate.

Ijumaa, 11 Julai

Nimevunja kanuni. Nimempigia binamu yangu Saumu, yuko Kibanjani, nikamwomba aende shuleni amuulizie Zuhura. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Naona aibu kumshuku Tatu. Tulivuka mipaka mitatu pamoja, yeye ndiye aliyenishika nilipougua malaria Msumbiji. Rehema kazaliwa mikononi mwake.

Natamani Saumu anitukane, aniambie mtoto yupo darasani.

Jumamosi, 12 Julai

Hayupo.

Saumu kanitumia sauti ndefu kwenye simu, nimeisikiliza mara nne. Zuhura aliacha shule miaka mitatu iliyopita, akiwa kidato cha kwanza. Mama yake alipata kiharusi na hakukuwa na mtu wa kumwangalia. Mama kafa mwaka jana. Zuhura ana mtoto wa kike, miezi saba. Anakaanga mihogo stendi. Saumu anasema hununua kwake, hakujua kuwa ndiye.

Mwalimu mkuu hakuficha. Alisema alimwarifu katibu wetu wakati ule ule.

Miaka mitatu. Mimi nimekuwa nikisoma habari za hesabu na fizikia.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Hillbrow. Lifti ya jengo analokaa Tatu imekufa, nikapanda ghorofa nane kwa miguu, nikifika kila ghorofa nasimama na kufikiri nirudi.

Alinipokea kwa furaha. Kaweka chai, kakata mkate wa ufuta. Nikamwambia nimeongea na Saumu. Hakuuliza Saumu kasema nini. Alikaa chini tu, kisu bado kiko mkononi.

Kisha akasema, tena kwa upole, "Shoga, ulikuwa umetoka kumzika Baba Rehema. Hujamaliza hata arobaini. Ningekuletea vipi habari ile?"

Nikasema arobaini ni siku arobaini.

Akasema alitaka kuandika moja tu, anipe nafuu. Nilicheka, nikala, mara ya kwanza baada ya msiba. Akaandika ya pili. Halafu ile ya pili ikasomwa kwa wageni, wageni wakalia, shule ikapata vyoo vya wasichana. Ya tatu ikaleta madawati. Mwenyekiti akawa anaulizia barua ya Zuhura kabla hajauliza hali ya shule. Tatu akasema hakujua pa kuishia. Alikuwa mwalimu kwao, anajua mtoto anavyoandika. Kila safari alimpa mpwa wake anakili kwa mkono wa kitoto.

Nikamwuliza kama mtoto mwenyewe hakuandika kamwe tangu mama yake augue. Hapo ndipo alipoangalia dirishani. Akaenda kabatini, akatoa bahasha mbili kutoka kwenye mfuko wa karatasi za kodi ya nyumba. Zilikuwa zimefunguliwa.

"Sikuzitupa," alisema, kama mtu anayetaka shukrani.

Nimechukua bahasha, nimeacha chai na mkate mezani. Namchukia. Sijawahi kuandika neno hilo kuhusu Tatu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa kazini. Nimezisoma.

Ya kwanza ni nusu ukurasa. Mwandiko mbaya, wino umevuja. Anasema mama kaanguka, mkono wa kulia haufanyi kazi. Anasema mwalimu ameonya kuwa akikosa tena watamfuta. Anaomba kama Umoja unaweza kumpata mama mmoja wa kukaa na mgonjwa asubuhi tu, mchana atarudi mwenyewe. Hakuomba kitu kingine.

Ya pili nainakili yote, maana ni fupi.

"Mama Rehema shikamoo. Sijui kama barua yangu ilifika. Nimeacha shule. Viatu bado vizuri nimempa mdogo wa jirani. Asante kwa madaftari. Zuhura."

Mtu wa asubuhi tu. Ningempigia Saumu, jioni ile ile angepatikana. Saumu anawajua wajane wote wa mji ule.

Nimelia mpaka Rehema akatoka chumbani. Nikamweleza. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Leo alitafuta maneno, akasema, "Mama, alisubiri wewe." Kakosea sarufi. Sikumsahihisha.

Jumatano, 16 Julai

Tatu kapiga mara sita. Sijapokea.

Mwenyekiti, Mzee Athumani, naye kapiga. Yeye nimempokea, ni mtu mzima. Nilidhani atashtuka. Kumbe Tatu kamweleza tayari. Akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, madarasa mawili hayana paa na mvua zitakuja. Akaniomba nisome barua Jumapili kama tulivyopanga, mambo mengine tutayazungumza ndani, kama watu wa nyumba moja. Nikamwuliza Zuhura yuko katika nyumba hiyo au hayumo. Akasema nisimkoroge kwa maneno.

Nina hasira naye kuliko nilivyotegemea. Nimempakulia chakula kila mkutano.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui nitafanya nini kesho. Nikinyamaza watoto watapata paa. Nikisema, pengine watakosa, na hao hawajanikosea. Nimewaza kutokwenda kabisa, nijisingizie mafua.

Tatu kaacha ujumbe: "Nilikupenda wewe zaidi ya kanuni." Nimeufuta. Kibaya ni kwamba naamini ni kweli.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda. Bila masufuria.

Yule Mkenya kaja na mkewe, watu wapole, suti nzuri, wametoka kanisani moja kwa moja. Mzee Athumani akanikaribisha mbele. Tatu alikuwa mstari wa kwanza, kavaa buibui lake jipya, mikono mapajani.

Niliishika barua ya kurasa mbili. Sikuisoma. Nikasema, "Zuhura hakuandika barua hii. Aliacha shule miaka mitatu iliyopita kwa sababu mama yake aliugua na hakukuwa na wa kumsaidia. Alituandikia kutuomba, na barua yake ikafichwa kabatini." Nikasema vyoo ni vya kweli, madawati ni ya kweli, na madarasa yasiyo na paa ni ya kweli, binamu yangu anaweza kuwapigia picha hata kesho. Jina la Tatu sikulitaja. Hakukuwa na haja, kila mtu alimgeukia.

Nikakaa.

Mgeni aliuliza maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, akasema atatafakari, akaondoka na mkewe kabla ya chai.

Ndipo wakanigeukia. Si Tatu, mimi. Kwamba ningemwita pembeni. Kwamba nimewavua nguo mbele ya wageni. Kwamba nina wivu kwa vile Tatu ana elimu. Wanawake niliowapikia arusi na matanga wakapita kiti changu kama hakina mtu. Tatu alilia, wakamzunguka, mmoja akamfunika kwa khanga. Nilimsikia akisema niachwe, nina uchungu. Ananitetea. Hilo lilinikata kuliko yote.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la Umoja. Tatu bado ni katibu.

Kazini nimeunguza wali wa watu mia. Thandi kauliza mtoto wangu hajambo. Nikasema ana mtoto mwenzake sasa. Hakuelewa, akanishika bega tu.

Ijumaa, 25 Julai

Saumu kampelekea Zuhura namba yangu, kamweleza yote. Kasema alisikiliza huku anageuza mihogo, akaikunja karatasi yenye namba, akaweka kwenye kopo la chenji. Hakusema atapiga wala hatapiga.

Saumu anasema pia amepigiwa simu na mtu wa Midrand, anataka picha za madarasa. Picha tu, basi. Sijamwambia yeyote.

Ijumaa, 1 Agosti

Kapiga leo, saa kumi alasiri, nikitoka kazini. Nilisimama ukutani mwa spaza, kiduka cha Mburundi, nisipitwe na neno.

Sauti yake nzito kuliko nilivyodhani. Alinisalimu, nikamwitikia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Nilisema mawili, akanikatiza akasema, "Saumu ameshanieleza." Nikamwuliza kama angependa kurudi shule, zipo za watu wazima. Akasema hapana, kusoma hakukuwahi kumpendeza sana, alikuwa anapenda kwenda kwa sababu ya wenzake. Uuguzi je? Akacheka kidogo. Anaogopa damu.

Akaniuliza huku kuna baridi? Nikasema ipo, midomo inapasuka. Akasema kwao pia asubuhi siku hizi.

Mtoto akalia. Akasema, "Subiri kidogo, mama," akaiweka simu mahali, bila kukata. Nikasikia mafuta yakichemka, basi likiita abiria, mteja anaomba pilipili iwekwe pembeni. Nikasikia anambembeleza mtoto, jina lake Mwajuma. Dakika nyingi. Mburundi akanisogezea kreti nikae.

Nikakaa, nikasubiri.