Dhahabu Iliyobaki Kwenye Kitambaa

Mwaka umekatika, Baba, tangu asubuhi ile uliyolalamika kwamba chai haina sukari, ukageukia ukutani na kutuacha. Mama anashikilia mpaka leo kwamba sukari ilikuwemo, vijiko viwili. Anasema angeweka hata vitano kama angejua.

Waliokuita Babu Kidevu wanajua jina hilo lilitoka wapi. Ulikuwa ukimtazama mtu kidevu kwanza, uso baadaye. Kwa miaka thelathini na mmoja uliwanyoa wagonjwa wodini kabla ya kupelekwa kwenye upasuaji, na tabia hiyo hukuiacha hata ulipokuwa mezani kwako. Mkweo alipokuja kutusalimia kwa mara ya kwanza, ulimkagua kimya, kisha ukamuuliza, "Kijana, umenyolea kisu cha mkate?" Sisi tulicheka mpaka machozi. Yeye hadi leo akija kwetu hunyoa mara mbili.

Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Wapi! Meza ya chumba cha nyuma ukaigeuza wodi ya mashine za kunyolea za zamani, zile za chuma ambazo ukisokota mpini zinafunguka na wembe unakaa katikati. Watu walikuletea za baba zao na babu zao, zimeota kutu, zimeganda sabuni ya miaka ishirini. Ulizifungua vipande vitatu, ukaviloweka kwenye maji ya vuguvugu, ukasugua kila mfereji kwa mswaki laini. Kisha ukaweka tone la dawa ya kung'arishia, dogo kama punje ya mchele, na kusugua kwa kipande cha fulana yako kuukuu. Tulikutania kwamba fulana zitakwisha kabla ya wagonjwa. "Chekeni tu," ulisema. "Mwenye hii aliishika kila asubuhi kabla hajaongea na mtu."

Hukuwa na haraka, Baba, na hukukosa maringo. Kila mgeni ulimwambia hujawahi kuharibu mashine hata moja. Tulikuwa tumeichoka hiyo habari. Leo tungelipa chochote kuisikia tena, hata mara tatu kwa siku.

Mikono yako ilianza kutetemeka mwezi uleule ambao mama mshonaji wa mtaa wa pili alileta mashine ya marehemu mumewe. Ilikuwa imepakwa dhahabu. Wewe ulijua kwamba dhahabu ya namna hiyo ni utando tu, na haistahimili dawa ya kung'arishia. Ukamwita mwanao mkubwa, fundi bomba, akusaidie.

"Sabuni na mswaki basi," ukamwambia. "Dawa usiiguse."

"Nimesikia, Baba."

"Umesikia au umeitikia?"

"Baba, mimi nafunga mabomba ya ghorofa nane. Mashine ya ndevu ndiyo itanishinda?"

Haikumshinda. Aliisafisha vizuri, lakini likabaki doa jeusi kwenye mpini, dogo tu. Aliona aibu kukurudishia kazi yenye doa. Tangu utotoni alikuwa akisubiri umwambie ameweza, na siku ile alitaka aisikie kauli hiyo. Akafungua dawa. Doa likatoka, na dhahabu ikatoka nalo. Alipogeuza kitambaa aliiona yote pale, imebaki kama unga. Chini yake palikuwa na shaba. Badala ya kukuita aliisugua ile shaba hadi ikang'aa manjano, akaifunga kwenye karatasi na kukuletea. Alijiambia kwamba macho yako hayaoni vizuri.

Uliishika kwa muda mrefu. Ukaisogeza puani. "Imekuwa safi," ukasema. Mwanao akashusha pumzi na kuondoka.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za mwisho kwako. Kila jioni akitoka kazini alikaa ukingoni mwa kitanda chako, akaongea mvua, akaongea mpira, akaongea bomba la jirani lililopasuka. Siku moja alianza, "Baba, kuna kitu..." Ukanyoosha mkono, ukazima redio. Akakutazama, kisha akakuuliza kama umemeza vidonge. Ulimwambia umemeza, ukawasha redio tena.

Tulijua hayo ya redio, ila hatukujua maana yake. Tumeijua wiki iliyopita, tulipokuwa tumekaa sebuleni kuandika kumbukumbu hii, naye mwanao ndiye aliyeshika kalamu. Mama mshonaji alipita kutusalimia. Katika mazungumzo akasema, "Mzee wenu alikuwa mtu wa ajabu. Na maradhi yake yote, aliniletea ile mashine mwenyewe, na fimbo mkononi. Akaniambia, 'Mama, nisamehe, nimekuharibia kitu cha marehemu. Mikono yangu imezeeka.' Nikamwambia mbona mimi sioni kitu. Akasema, 'Mimi nakiona.'"

Kalamu ilianguka, na hakuna aliyeiokota.

Mgeni alipoondoka, mwanao alimgeukia Mama. "Alijua?"

"Alijua siku ileile. Ilikuwa inanuka dawa."

"Sasa mbona hakuniuliza?"

"Nilimwambia akuulize. Akakataa katakata. Akasema, 'Atakuja kusema mwenyewe, mimi namsubiri.'"

"Na wewe, Mama? Mbona hukunishtua?"

"Alinikataza, mwanangu. Halafu nilidhani muda upo."

Sote tulidhani muda upo, Baba. Mama anajilaumu kwa kunyamaza. Sisi mabinti zako tunajilaumu kwa kuwa uliondoka na fimbo ukaenda mpaka mtaa wa pili, tukakugombeza uliporudi, tusikuulize ulikotoka. Lakini mzigo mkubwa anao kaka yetu, na hatuwezi kumbebea. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mama mshonaji na kumweleza kila kitu. Alisamehewa kabla hajapewa kiti. Alirudi nyumbani akalia kama mtoto, kwa sababu hakuwa amekwenda kwa mtu aliyekuwa akimsubiri.

Dada mkubwa alisema mambo haya ni ya ndani, hayafai kutangazwa. Walibishana kidogo. Mwanao akamwambia, "Baba alikwenda kujisingizia kwa mtu, na alikuwa akiringia kazi yake kuliko kitu chochote. Nisimsafishie jina hata leo?" Dada akamrudishia kalamu. Sentensi zinazofuata ameziandika yeye, na hatukubadilisha neno.

Kwa wote mliomletea baba yangu mashine zenu: hakuharibu hata moja. Ile ya dhahabu niliiharibu mimi, kisha nikamdanganya. Baba, ni mimi. Ulizima redio ili unisikie, nami nikakuuliza habari za vidonge.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anatengeneza vikombe viwili, mwanao mkubwa, binti zako wawili, mmoja mwalimu na mwingine muuguzi, mkweo, aliyenyoa vizuri leo, wajukuu zako wanne, na majirani wa pande zote mbili.

Maisha yetu yote, Baba, hatutakusahau.