Sauti ya Emérence Ilifunikwa na Ngoma

Mushauri mpendwa, nakuandikia juu kichwa yangu imevurugika, sijui tena masikio yangu inasikia nini. Mimi ni Barthélemy wa Kadutu, kazi yangu ni kurekodi kwaya yetu kwa bande, ule ukanda wa sauti, mikro moja kwa waimbaji na moja kwa ngoma, halafu mimi ndiye nasawazisha zote mbili. Mwezi uliopita nilisawazisha nikisikiliza kwa sauti ya chini, juu padiri alikuwa anapumuzika chumba ya pili, na ngoma ilisikika kidogo sana, basi nikaiongeza. Siku parokia ilionyesha sinema kiwanjani, mbele filamu ianze wakapiga ile bande kwa vipaza sauti vikubwa, ngoma ikafunika kila kitu, na muchumba wangu Emérence, mwenye alikuwa anaimba peke yake, hakuna mutu alimusikia. Mara ya pili nikafungulia sauti sana, nikapunguza ngoma mpaka ikakaa vizuri, lakini ile bande ikaenda kwa redio, na kwa watu wenye redio ndogo, wanaoifungulia chini, ngoma ikapotea kabisa, na Léopold mupiga ngoma hanisalimii tena. Ya kweli ni gani, sauti ya juu ao ya chini? Na kuko neno lingine, napata haya kuliandika: siku ile ya sinema Emérence aliniuliza kwa nini hakusikika, nami nikamujibu, "Ni koo yako, sauti yako haina nguvu." Tangu pale ameacha kwaya, amerudi Mudaka kwa baba yake, Papa Bisimwa, na anasema hata siku ya ndoa yetu hataimba. Nifanye nini?

Maman Colombe anajibu:

Barthélemy, kwa masikio nakuhurumia, kwa ulimi hapana. Masikio ya kila mutu iko hivyo: sauti ikiwa chini, ngoma nzito inapotea, ikipanda, inarudi na nguvu. Wewe umetaka bande moja itumikie kiwanja na meza ya watu. Tengeneza mbili. Ya sinema, sikiliza kwa nguvu ile watu watasikia kule. Ya redio, sikiliza chini, kama watu wanaongea wakikula, tena kwa redio ndogo. Tia alama ya chaki kwa kifungo cha kuongeza na kupunguza sauti, usikiguse mpaka umalize. Padiri akipumuzika, ngoja aamuke. Mueleze Léopold hayo, ataelewa.

Lakini Emérence ulimudanganya. Ngoma uliiongeza kwa mukono wako, halafu kosa ukaliweka kwa koo yake, na bado unaniuliza kwanza habari ya vifungo? Jumamosi hii uende Mudaka. Usimueleze mambo ya mikro. Mbele ya baba yake umuambie: "Sauti yako ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa langu, na nilikudanganya." Akikasirika, kaa pale pale, umusikilize mpaka amalize.