Meza Isiyotikisika

Jumamosi, 13 Juni 2015

Meza yangu ya kulengea shabaha bado inatikisika. Nimekaza bolti zote upya, nimeipima kwa pimamaji, iko sawa. Nikaegemeza kiwiko, ikayumba. Bunduki ikilazwa juu yake, kuyumba kwa unene wa ukucha hapa ni shibiri nzima kwenye shabaha, yadi mia moja kule. Mhandisi mzima, nimeshindwa na meza.

Tuta la udongo nyuma ya shabaha, angalau, limekamilika. Trekta ya kukodi imelipandisha kupita kimo changu. Risasi haitavuka.

Mama mkwe alisimama dirishani akiitazama trekta mchana kutwa. Amefika hapa nje ya Louisville majira haya ya kuchipua kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Kwetu Bungoma mtu hasemezani na mama mkwe ana kwa ana. Nimemwomba mke wangu, Espérance, amweleze mama yake kazi ya tuta lile. Amekubali.

Jumapili, 14 Juni

Jana jioni nilibandua miguu ya meza, nikaipaka gundi mpya, nikaiacha ikauke. Leo baada ya ibada kikundi cha maombi cha mtaa wa Newburg kimekuja kumsalimu mama mkwe. Niliporudi kutoka kuwaelekeza wageni pa kuegesha magari, nilikuta sufuria za fufu, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe zimepangwa juu ya meza yangu, na wazee wawili wa kanisa wameuegemea ukingo wake. Mguu mmoja ukachomoka taratibu, kama jino la mtoto.

Mama Riziki, kiongozi wa kikundi, hakuona kosa. “Baba Neema, meza iko inje, chakula iko inje. Donc, basi, tungeweka wapi? Chini?”

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa na hasira isiyo na pa kwenda.

Jumamosi, 20 Juni

Safari ya Columbus. Mutua, niliyesoma naye chuo, anaishi Gahanna, pembeni ya mji huo, na meza yake ya kulengea iko kwenye shamba la rafiki yake nje ya mji. Haitikisiki hata kidogo. Imeniudhi.

“Bosi, wewe ni injinia kweli?” akaniuliza. “Kigoda cha kukamulia ng'ombe kina miguu mingapi?”

Mitatu. Miguu mitatu hukaa imara hata ardhi ikiwa na mabonde. Nilifundishwa hilo darasani na nililiona zizini kwa baba kabla ya darasa. Nimeendesha gari hadi Ohio kukumbushwa.

Jumanne, 23 Juni

Bahati, shemeji yangu, ndugu yake Espérance, amepiga simu kutoka Buffalo. Anataka mama ahamie kwake. Anasema mtaani kwake Kensington-Bailey watu wa kwao Uvira ni wengi, mama atapata wa kuongea naye. Anasema hapa sisi tumemweka porini, nje kabisa ya Louisville, na kutwa nzima tuko kazini. Mama aamue kabla Julai haijaisha.

Espérance hakugusa chakula. Vita vilimtenga na mama yake akiwa binti mdogo. Amempata sasa, yeye mwenyewe akiwa mwanamke mzima mwenye mtoto. Mama akiondoka, sijui nitabaki na mke wa namna gani.

Jumamosi, 27 Juni

Mvua. Mashimo matatu niliyochimba kwa ajili ya zege la miguu ya meza mpya yamekuwa vidimbwi. Siku imepotea.

Jumapili, 5 Julai

Jana ilikuwa sikukuu ya uhuru wao. Fataki zilianza kabla ya giza. Tulimtafuta mama nyumba nzima, tukamkuta ndani ya kabati, nyuma ya makoti, amevaa viatu, amemkumbatia Neema. Binti yetu alikuwa akimweleza bibi yake kwa Kiingereza kwamba ni mchezo tu. Bibi hajui Kiingereza.

Espérance amesema bunduki isilie hapa mama akiwepo. Ni haki. Nikamuuliza kama alikwisha kumweleza habari za tuta. Amejibu kwamba alimwambia ninatengeneza udongo. Jibu nusu. Nimechoka. Sikulifuatilia.

Jumamosi, 11 Julai

Zege limekauka. Miguu mitatu, boriti nene, ubao wa juu wa plaiwudi mbili zilizounganishwa kwa gundi. Nimeiegemea, nimeikalia, nimeisukuma kwa bega. Haikusogea. Nilitarajia furaha. Nimepata uchovu tu.

Jumamosi ijayo akina mama wanakutana Newburg. Espérance atakwenda na mama na Neema. Nyumba itakuwa tupu. Nitairekebisha darubini ya bunduki kwa utulivu, niiweke tayari kwa msimu wa kuwinda kulungu, basi.

Jumamosi, 18 Julai

Niandike polepole.

Gari liliondoka asubuhi nikiwa bafuni. Niliamini wote wamo. Nikapanga mifuko ya mchanga, nikailaza bunduki, haina risasi, chemba ya kuwekea risasi ikiwa wazi. Nilitaka kutazama kwanza. Msalaba wa darubini ukatua juu ya karatasi ya shabaha na kubaki pale, kana kwamba umechorwa. Wiki zote hizi nilitafuta utulivu ule.

Kisha juu ya tuta, nyuma ya karatasi, kikachomoza kitambaa cha kijani. Chini yake uso wa mama mkwe.

Niliondoa mikono. Nikatembea hadi kwenye tuta. Sikumwita, kwa maana mtu hamwiti mama mkwe. Upande wa nyuma wa tuta, ambako sikuwa nimekanyaga tangu trekta iondoke, palikuwa pamepandwa matembele toka juu hadi chini. Safi, kwa nafasi. Alikuwa akichuma.

Yeye ndiye aliyeanza. “Baba Neema, umekuya kuona shamba? Espérance aliniambia mukwe anatengeneza udongo. Nikajua ni ya mimi. Juzi nikamwambia Bahati mu simu, minabakia huku. Mukwe ananilimia, nitamuacha namna gani?”

Ningeweza kunyamaza. Angebaki, na mke wangu angepata alichokiomba. Mimi ni mhubiri pia, nimezoea kusimama mbele ya makanisa yaliyojaa na kupata neno. Pale nikamwambia ukweli mtupu tu: tuta ni la kuzuia risasi, na punde tu nilikuwa nimemwona kupitia darubini ya bunduki.

Alitazama kule mezani. Akaketi juu ya udongo.

“Ilikuwa na risasi?”

“Hapana, mama.”

“Bon, vizuri.”

Akachukua kapu lake akaenda ndani, akiizunguka meza kwa mbali sana.

Jumapili, 19 Julai

Sikwenda ibadani. Espérance anasema alimwacha mama aamini alichotaka kuamini, kwa kuwa ilimfanya abaki. Jana alimwacha mama nyumbani akilalamikia magoti, na hakufikiri kunijulisha. Nilimwambia kwamba bunduki ingekuwa na risasi, angemzika mama yake. Akanijibu kwamba nina mdomo wa kuhutubia umati, sina wa kuzungumza na mama mmoja.

Nilitaka kukasirika zaidi. Sikuweza.

Mama hajatoka chumbani. Ameomba simu.

Jumatano, 22 Julai

Manyunyu tangu asubuhi. Jana Mutua alikuja kuichukua bunduki, itakaa kwake. Aliisukuma meza kwa goti, akasema ni meza nzuri. Nikamwambia najua.

Leo baada ya chakula mama alizungumza na Bahati sebuleni. Nilikuwa jikoni nikiosha vyombo na kila neno lilinifikia. Alimwambia hatasafiri mwezi huu. Matembele ndiyo kwanza yanaanza kutoa, hawezi kuyaachia watu wasiojua kuchuma.

Akaja mlangoni mwa jikoni.

“Baba Neema, zile mbao za shabaha mu shamba yangu. Utazitoa lini?”

Nimezing'oa jioni, manyunyu yakiendelea. Habari za mwezi ujao sikumuuliza.