Singo Yangu na Jina Lako

Diani

Kwako mwanangu Riziki,

Asalaam aleikum. Kile kikohozi nilichokuacha nacho Jego kimekutoka, au bado unakoga maji ya baridi alfajiri? Mume wako hajambo? Na mamake, mavyaa wako, miguu inamruhusu kwenda shamba? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sina wa kumwonyesha.

Najua simu unaiona inalia na huipokei. Sikulaumu, mama. Ndiyo maana nimekaa hapa kibandani nikaandika. Mwandiko wangu unaujua, uvumilie.

Nataka uyajue yalivyokuwa. Biashara yangu ya singo ya kusugulia ngozi ilikuwa imelala. Wenzangu wote hapa wanatangaza kwa simu, nami maneno ya kuvutia watu sina, shule niliiacha mapema. Basi nikaletewa kijana mmoja wa bara anayewaandikia watu matangazo ya biashara. Mchangamfu, ananiita mathe. Bi Mwanaidi wa vikoi, jirani yangu, alimtazama tu akaniambia, "Huyo hata kopo hajalifungua akanusa. Ataandika nini?" Nikamwambia ana wivu.

Na kweli hakunusa, Riziki. Hakuuliza singo inasagwa na nini wala inanunuliwa na nani. Alinionyesha kazi zake za nyuma, tangazo la asali na tangazo la magodoro, nikaona maneno ni yale yale, kabadilisha jina la kitu tu. Nilipomuuliza kama watu watakuja, akaniapia kwamba watapanga foleni mpaka barabarani. Mtu anayekuapia kuhusu miguu ya watu wengine ni wa kuogopwa, lakini mimi nilifurahi.

Alichotaka ni kimoja tu. "Mathe, nipe stori," akasema. "Watu hawanunui singo, wananunua stori." Nami mdomo wangu ukifunguka juu yako haufungiki. Nikamweleza ulivyotokwa na madoa usoni karibu na harusi, ukawa unalia hutaki kuonekana, na shangazi yako aliyekuwa somo wako wa kukufunda akakusinga siku zote ulizokaa ndani mpaka ngozi ikarudi. Mambo ya chumbani kwa mwali, ambayo hata baba yako hakuambiwa, nikampa mwanamume nisiyemjua kwao. Nilikuwa najivunia wewe, mwanangu, nikasahau nazungumza na nani.

Nilimwomba anisomee tangazo kabla hajalituma. Akasema, "Tulia mathe, nishalirusha, hiyo itabamba." Nikalisoma mwenyewe polepole, kidole kikifuata maneno, nikakuta: "Binti yangu Riziki alikuwa hatazamiki. Wanaume walimkimbia. Leo ana mume." Mimi sikusema hayo. Wanaume gani walikukimbia? Mume wako alikuposa kabla, na madoa yalipotoka hakurudi nyuma.

Hapa ndipo panaponinyima usingizi. Nilimwambia alifute, akasema tungoje kidogo tuone. Na wanawake wakaanza kuja, wa mahotelini na wa Ukunda, wanauliza singo ya yule binti. Nikangoja. Ningaliweza kumng'ang'ania, sikumng'ang'ania, kwa kuwa makopo yalikuwa yanatoka. Nikajiambia Jego ni mbali, nani ataliona huko. Mpaka ukanipigia wewe. "Wamelisoma kwa sauti jikoni kwa mavyaa, Mama, nami nimeshika upawa." Ukasema hilo tu, ukakata.

Limefutwa. Nilikaa mbele yake mpaka akalifuta, huku ananung'unika kwamba naiua biashara yangu mwenyewe. Lakini najua limebaki kwenye simu za watu. Akija mtu kuuliza, namwambia binti kama huyo hayupo. Wengine wanageuka wanakwenda zao. Waende. Nimeandika mwenyewe kwa mkaa juu ya boksi: Singo ipo, njoo unuse. Bi Mwanaidi amecheka, anasema herufi zangu zimepinda kama mgongo wangu, kisha akanunua kopo.

Moyo unataka nije nikae mbele ya mavyaa wako nimwambie yale si maneno yako wala ya nyumba yetu. Lakini safari hii sitafanya jambo juu yako kabla hujaniruhusu. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema nikae, nitakaa.

Msalimie mume wako, umwambie namheshimu zaidi ya anavyojua. Msalimie shangazi yako, na umweleze aliyeyatoa ya ndani ni mimi, asikununie wewe. Bibi yako mbusie mkono.

Barua hii anaileta Mama Saumu, atakayepita hapo Jego akishuka Vanga kununua kaa. Hajui kilichomo. Ijumaa nikishaswali adhuhuri nitapiga simu. Ikiwa kusema ni kuzito, ipokee tu uiweke kando ya jiko, nikusikie unavyopika. Mimi nitanyamaza.

Mama yako