Kisu cha Absalom Kilichofunguka

S.L.P. 4471,
Kisumu.
Jumapili, 12 Juni 1988

Mpendwa Mjomba Dishon,

Pokea salamu zangu kutoka Nyamasaria, wewe na Mama Nyamizi na wote walio chini ya paa lenu huko Tabora. Macho yanaendeleaje tangu walipokutoa mtoto wa jicho? Mama aliposikia umefanyiwa upasuaji alifunga siku nzima kwa maombi, na jioni akatuuliza kama unaruhusiwa kula samaki. Tafadhali tujibu hilo, maana bado anauliza.

Sisi huku tunaendelea. Mama yuko nyumbani Nyakach, amemaliza kupalilia mtama na mgongo unamsumbua kama kawaida. Mdogo wangu Lornah yuko kidato cha tatu, anadai hisabati imemshinda ingawa mwalimu wake anasema kinyume. Mwezi wa tano mvua ilikata barabara hapa kwetu, tukawa tunavuka tumeshika viatu mkononi. Mimi mwili ni mzima. Ni mwili tu, Mjomba.

Ninaandika kwa Kiswahili ili Mama Nyamizi aweze kukusomea mpaka macho yapone. Mama, ninakusihi kwa heshima: ukifika hapa, funga mlango kwanza. Yanayofuata ni ya masikio yenu wawili.

Mjomba, nimefanya kosa kazini na mtu mwingine anaelekea kufungwa kwa ajili yake.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ni karani katika korti ya hakimu, na bado niko kwenye majaribio. Pamoja na mafaili, ninatunza kabati la vielelezo, yaani vitu ambavyo polisi huleta kama ushahidi: mapanga, mitungi ya pombe ya chang'aa, baiskeli za wizi. Mwezi wa tatu waliniletea bahasha yenye kisu cha kukunja. Niliimimina juu ya meza, na moyo wangu ukaruka.

Ungekiona ungekijua mara moja. Ni kile cha aina uliyoipenda kuliko zote, kirefu kama kidole cha kati, chembamba, mpini wa gamba la chaza unaobadilika rangi ukiugeuza kwenye mwanga. Ni kisu cha bwana wa zamani, cha kuchongea penseli na kumenya tufaha, cha kukaa kwenye mfuko wa kizibao. Katika visu kumi na tisa ulivyoniachia ndani ya kopo la biskuti, na kumi na viwili nilivyoongeza mwenyewe, hakuna cha gamba la chaza kizuri kama hicho. Lakini kilikuwa kimeganda. Kutu ilikuwa imeshika pini na springi, bapa halitoki hata kidogo.

Niliandika kwenye rejista: kisu kidogo kimoja, mpini mweupe, ufa mwembamba upande wa kushoto karibu na pini ya pili. Niliuona ufa, Mjomba. Niliuandika kwa makini kama ulivyonizoeza. Kwamba hakifunguki sikuandika. Kwangu huo haukuwa ushahidi, ulikuwa ugonjwa wa kutibiwa.

Nami nikakitibu. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kantini, nilitia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, nikakirudisha katika bahasha. Kesho yake tone jingine. Sikutumia koleo, sikulazimisha. Siku ya nne bapa lilitoka lenyewe taratibu, nikalifuta kwa kitambaa na majivu laini mpaka nikasoma jina la mji uliokitengeneza. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikafunga bahasha, nikagonga muhuri juu yake, nikaendelea na kazi. Sikukiiba. Ninataka ujue hivyo, ingawa sasa naona kwamba afadhali ningekiiba.

Kesi yenyewe sikuijua mpaka tarehe mbili ya mwezi huu, iliposikilizwa. Mshtakiwa ni Absalom, fundi wa baiskeli pale Katito, sokoni kwetu Nyakach. Siku ya soko vijana walipigana karibu na kibanda chake, na mchuuzi mmoja wa samaki anayeitwa Gordon akachomwa kisu tumboni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hakumwona vizuri aliyemchoma. Polisi walipekua watu waliokuwa karibu, wakakikuta kisu hiki kwenye mfuko wa Absalom. Shtaka ni kudhuru mwili vibaya, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Absalom hana wakili. Alisimama kizimbani, mtu mfupi mwenye mikono myeusi kwa grisi, akaeleza kwamba kisu hicho ni cha marehemu baba yake, aliyekuwa mhudumu katika meli za ziwani. Mzee alianguka nacho majini kwenye gati la Kendu Bay, na tangu mwaka huo hakijawahi kufunguka. Absalom alikibeba kwa ukumbusho tu, kimefungwa pamoja na ufunguo wa nyumba.

Halafu akasema kwa sauti, "Bwana Hakimu, mimi sina maneno mengi. Toeni hiyo kisu, mjaribu kuifungua hapa mbele ya watu. Mkiweza, nifungeni."

Watu walinong'ona. Hakimu akaandika, akasema kielelezo kitaletwa na kujaribiwa siku ya kusikilizwa tena, Alhamisi tarehe kumi na sita. Mjomba, mimi nilikuwa nimeketi mbele ya meza yake, kalamu mkononi. Mwenye kukitoa katika bahasha siku hiyo nitakuwa mimi. Kitafunguka kwa ukucha wa mtoto, kikiwa safi kinang'aa, na yule mtu ataonekana mwongo mbele ya watoto wake.

Tangu siku hiyo sijala vizuri. Mkewe, Aoko, alikuja dirishani kwetu Jumatatu iliyopita.

"Karani, ile kisu iko salama?"

"Iko salama, Mama."

"Msiiguse. Iko vile tu mzee aliiacha."

"Ndiyo, Mama."

"Asante, baba. Mimi sasa ninaombea hiyo kabati yenu kuliko nyumba yangu."

Alinichekea aliposema hivyo, nikaingia stoo nikaketi juu ya magunia.

Nimejaribu njia za kijinga, na sitakuficha. Kwanza nilichukua kimoja katika visu vyako, kile cha mpini wa pembe chenye mabapa mawili, nikakilaza ndani ya maji ya chumvi nione kama kutu inaweza kukigandisha tena. Siku tano. Kikawa chekundu kote, kimeharibika, na bado kinafunguka. Nisamehe kwa kisu hicho.

Kisha nilikwenda Otonglo kwa Mathenge, yule anayeuza vyuma kuukuu na ambaye huniwekea visu akivipata. Nilimwambia ninatafuta kilichoganda, chenye mpini mweupe.

"Karani, kila siku unanipigia kelele juu ya kutu, leo unataka kutu?"

"Nataka kile ambacho hakifunguki kabisa."

"Hee! Wewe umeoa ama umerogwa? Mtu hununua kisu ikate, wewe unataka ikatae."

Lakini alichakura ndani ya ndoo yake, na Mjomba, alikuwa nacho. Urefu ule ule, gamba lile lile, kimeganda kama jiwe. Nilikishika mpaka kikapata joto la mkono wangu. Ningekibadilisha Jumatatu, Absalom angerudi kwake, nami ningebaki na kazi yangu. Kisha nikakumbuka rejista: ufa mwembamba upande wa kushoto, karibu na pini ya pili. Hiki hakikuwa na ufa. Mwandiko wangu mwenyewe ulinikatalia. Nikakirudisha ndooni, Mathenge akanitazama asicheke tena.

Nilimpima pia Bwana Waliaula, karani wetu mkuu, mtu mwema wa miaka mingi. Nilimuuliza kwa mbali, kama mtu anayesoma kwa ajili ya mtihani, inakuwaje kielelezo kikisafishwa. Hakuniangalia. Alisema, "Kijana, vielelezo huja hapa kulala. Mtu hamwamshi aliyelala. Andika namba, funga bahasha, kunywa chai." Akaendelea kugonga mihuri. Kisha akaongeza polepole, "Na kama kuna mtu ameamsha kitu, mimi sijui, na nisijulishwe. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Ijumaa nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Hakimu. Nilibisha, akainua macho.

"Ndiyo?"

"Nimeleta faili, Bwana."

"Lipi?"

Sikuwa na kitu mkononi. "Naenda kulichukua, Bwana," nikasema, nikaondoka, wala sikurudi.

Unajua ninachoogopa. Kuvuruga ushahidi ni kosa la jinai, nimeisoma sheria hiyo mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Nikifukuzwa, Lornah atarudi nyumbani kwa kukosa karo. Nikifungwa, Mama atapita Katito akisikia jina langu, maana Absalom ni wa huko huko na kila mtu sokoni anaifuata kesi hii. Na kuna hofu nyingine ndogo ninayoionea haya: kwamba hakuna atakayeamini mtu aliweza kusafisha kisu cha mwingine kwa sababu tu kilikuwa kizuri. Watasema nilihongwa. Wewe peke yako ndiye utakayeamini.

Sikuulizi nifanye nini. Jibu lako haliwezi kufika kutoka Tabora kabla ya Alhamisi, nami nalijua bila kuambiwa. Kesho asubuhi nitapita posta kwanza, niitie barua hii sandukuni, ndipo niende moja kwa moja kwa Hakimu.

Lakini nimeshajijua, Mjomba. Nimekwisha kusimama mlangoni pale mara moja. Ndiyo maana ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, imekunjwa mara nne. Ni maelezo yangu kamili: tarehe, mafuta, majivu, kila kitu, pamoja na sahihi yangu. Nyuma nimeandika anwani ya Aoko, kupitia kanisa lao pale Katito.

Nikisema ukweli, utapata telegramu yangu ya neno moja: NIMESEMA. Usipoipata hadi siku ya barua hii kukufikia, ujue niliogopa. Akihukumiwa, Absalom ana siku kumi na nne za kukata rufani, na hiyo karatasi itamfaa. Itume kwa posta ya rejista siku hiyo hiyo. Usingoje nikueleze sababu, maana nitakuwa nazo nyingi na zitakuwa nzuri. Na nikikuandikia kukusihi usiitume, ichome barua hiyo, utume karatasi.

Nisalimie Mama Nyamizi, aliyelazimika kutamka maneno haya yote kwa mdomo wake, na watoto wote kwa majina yao. Mama na Lornah wangekusalimu kama wangejua ninaandika. Mungu alinde macho yako, akulaze salama na kukuamsha salama, na anipe mimi sauti kesho saa mbili.

Wako akupendaye, mtoto wa dada yako,

Dalmas