Mbao za Kabati Langu

Salamabila, Jumapili baada ya ibada

Na tena, Mama, halikupasuka. Siku ile mlangoni ulisema lile sanduku likifika Wamaza litakuwa kuni, ukageuka ukaingia ndani kabla pikipiki haijawaka, nami sikupata nafasi ya kukujibu. Basi ninakujibu leo: limefika zima, pembe zote. Mimi pia nimefika mzima, na nina furaha mpaka ninaona haya kidogo.

Nimekosa adabu, nimeanza kubishana kabla ya salamu. Hujambo, Mama yangu mpenzi? Mgongo umepoa? Mihogo ya kule bondeni mmeivuna, au nguruwe pori wamewatangulia? Papa bado anakohoa vumbi la mbao? Sisi hapa tuko wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, kisha jua linarudi na barabara yote inang'aa kama mtu ameimwagia mafuta. Ninaandika kwa kalamu kwa sababu nikipiga simu unasema, "Ngoja nikupatie Papa yako." Barua huwezi kumpatia Papa kabla hujaisoma mwenyewe, maana miwani yake ameikalia.

Ninajua kinachokuuma. Zile mbao za mvule Papa aliziweka juu darini tangu nikiwa mtoto, zikauke kwa ajili ya kabati la arusi yangu. Kila mgeni aliyeingia ulimwonyesha kwa kidole: "Kabati la Mwamini liko pale juu." Halafu siku ikafika, nami nikamwomba Papa azifanye bafle, sanduku la spika kwa ajili ya gita la besi la Faustin. Papa alicheka mpaka akaketi. Wewe hukucheka. Ulisema mtoto wa mji wa Kasongo haendi kwa bwana yake bila kabati, na kwamba hutakanyaga nyumba ambamo kelele ina kabati na nguo za mwanao ziko kwenye kamba.

Mama, acha nikueleze kwanza.

Faustin alikuwa na spika yenyewe tu, pana kama beseni la kuoshea vyombo, imetundikwa ukutani kwa msumari. Sanduku lake la zamani lililiwa na mchwa. Ili Papa ajue tundu la kukata, Faustin alituma duara la katoni. Unakumbuka Yaya, dada yangu mkubwa, alivyolifungua? "Mwamini, njoo uone, bwana yako amekutumia pete!" Nyinyi mlicheka, mimi nikalivaa mkononi mpaka begani, nikazunguka nalo uani. Cheka tena ukitaka, lakini kwangu ile ndiyo pete ya kwanza. Ile ya kidole ilifuata tu.

Njiani tulikuwa na pikipiki mbili, mimi na Faustin kwenye moja, sanduku kwenye nyingine, limefungwa ndani ya godoro letu. Dereva wake alimwambia Faustin, "Papa, huyu bibi-arusi wa pili iko kimya sana, hata mashimo hayamusumbue. Ungeoa huyu peke yake." Wamaza tulipopumzika, wanawake wakalizunguka. "Hii kabati iko na tundu kubwa vile, panya haitahamia?" Nikawaambia si kabati, ni nyumba ya sauti. "Na sauti yenyewe iko wapi?" Nikasema inatungoja Salamabila. Walicheka sana, wakakalia sanduku lako, Mama, wakamenya karanga, wakanipa konzi nzima ya karanga kwa ajili ya safari.

Tulipofika, Faustin akafungua ubao wa nyuma ili aweke spika. Ndani nikakuta blanketi la mistari, lile la kahawia na nyeupe ulilonifungia mgongoni kila mtu anavyosimulia, na katikati yake mchele na samaki mkavu. Papa ananiapia kwenye simu kwamba hajui lolote. Na mimi ninalijua fundo lako. Umegomba juma zima, kisha ukaona aibu chombo cha mwanao kisafiri kitupu kwenda ukweni. Nililala nimelikumbatia lile blanketi, Faustin akadhani nimechoka.

Basi sikiliza ya kanisani. Korali ilikuwa imepanga kununua ampli, kile kifaa kinachoipa spika nguvu, na kwa mfanyabiashara mmoja hapa kulikuwa na mbili. Moja kubwa, ina taa za bluu, na namba za nguvu zimeandikwa mbele kama tangazo. Nyingine ya kijivu, imebonyea ubavu, nzito kama mawe ya jiko. Papa Lukali, msimamizi wa korali, aliipenda ile ya taa mpaka akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Hii njo itaita watu mpaka kwenye machimbo!"

Faustin akaomba zote mbili ziletwe kwanza kanisani, zijaribiwe kwa grupu, jenereta letu la umeme. Akasema namba za mbele hazipigi muziki. Alipiga besi kwenye ile ya taa. Mama, balbu zilififia, grupu likakohoa kama Papa, na sauti nene ikatoka inakwaruza. Kumbe imetengenezwa kwa ajili ya kuimbia. Besi inataka ampli yake, yenye pumzi ya kushuka chini. Akaunga ile ya kijivu. Kwanza akalala kifudifudi kusoma nyuma yake, kwa sababu nyuma ya spika kuna namba na nyuma ya ampli kuna namba, na zisipopatana ampli inaungua. Zilipatana. Mimi moyoni nikasema, kama sisi.

"Faustin, tununue hii sufuria?" Papa Lukali akauliza.

"Papa, taa hazitaimba Jumapili. Sufuria itaimba."

Wakatupatia siku moja tuipange sauti yake na bafle. Ikishindikana, ile ya taa ingenunuliwa. Na ikishindikana, Mama, mbao zako zingekuwa kweli zimekufa bure, nami ningerudi kwako na uso gani?

Jumamosi tulikuwa wawili tu kanisani, yeye na mimi. Anayepiga besi, akiwa karibu na spika, hasikii inavyofika kwa watu. Kwa hiyo yeye anapiga, mimi ninatembea. Nikiinua kitambaa changu cha kichwa, aongeze, nikikishusha, apunguze. Kwanza tuliweka bafle kwenye kona, tukidhani ukuta utaisaidia. Ilivuma mpaka mabati ya paa yakalia na popo wakatoka. Tukaivuta mbele, mbali na ukuta, mabati yakanyamaza. Nikatembea mpaka mlangoni, mpaka barabarani, mpaka shamba la mihogo la jirani. Kule sauti nyingine zote zinakwisha. Inabaki ile tu ya chini, haina maneno, kama mtu anatembea polepole ndani ya udongo kuja kwangu. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi na majani yanadondosha maji. Nilivua viatu nikaisikia kwa nyayo. Nikasahau kitambaa. Faustin alipiga na kupiga akingoja ishara, mwishoni akatoka mlangoni na kuita, "We Mwamini! Umeolewa na nani huko?"

Lakini kulikuwa na kasoro. Kila noti ilikuwa na mkia, dum-uuu, kama mtu anasema ndani ya pipa. Faustin akagonga ubavu wa sanduku, akasikiliza, akasema kazi ya Papa haina ufa hata mmoja, tatizo ni uwazi wa ndani. Sauti inagonga mbao na kurudi. Inahitaji kitu laini kwenye kuta zake, na hapa sponji ya namna ile hakuna. Akaketi chini. Papa Lukali naye akapita, akasikiliza mlangoni, akatikisa kichwa. "Mie nilisema."

Nilikwenda nyumbani, Mama. Nilisimama mbele ya kitanda muda mrefu. Kisha nikalichukua blanketi.

Faustin alikataa. "Hili si la mama yako?" Nikamwambia, nani alilitia humo kama si yeye? Tulilipigilia kwa misumari midogo, sikukubali alikate, tukalikunja kwenye kona. Tukafunga ubao. Akapiga noti moja, ile nzito kuliko zote, nayo ikatoka ya mviringo, ikasimama pale anaposimamisha kidole. Aliendelea kupiga polepole, mimi nimeegemea sanduku, joto la mbao za Papa mgongoni, na nikasinzia kidogo, kweli, pale pale sakafuni.

Leo asubuhi korali imeimba. Wazee wa nyuma, ambao hawapigi makofi hata siku ya Pasaka, walikuwa wanatikisa magoti. Papa Lukali amesema tangu mwanzo alijua sufuria ni nzuri. Mama mmoja wa sauti za juu akaniuliza, "Umetia nini humo ndani?" Nikamwambia, mama yangu. "Ndiyo maana inagomba!" Wote wakacheka, na mimi nikalia kidogo, lakini kilio kizuri.

Nguo zangu bado ziko kwenye kamba, sikufichi. Faustin amepata mbao kwa jirani na ameanza kulipima kabati, anapima zaidi kuliko anavyokata. Ninampenda hata anapopima.

Msalimie Papa, fundi wangu, mwambie hakuna ufa. Msalimie Yaya na mikeka yake ya sokoni, na mdogo wangu wa mwisho asome. Nyanya, mama yake Papa, umpigie kelele sikioni kwamba nimenenepa. Shangazi wa karibu na msikiti ninamdai wimbo alioniahidi siku ya arusi.

Shule anayofundisha Faustin itafungwa siku chache, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kwako, sisi wawili, pikipiki moja. Usitupatie Papa kama kwenye simu, utufungulie wewe mwenyewe. Bafle itabaki hapa, Jumapili inaihitaji. Kwa hiyo tafadhali, Mama, tutafutie blanketi lingine la kujifunika, maana lile halitoki tena.

Wako wa mgongoni,
Mwamini