Nilimwambia Bomba la Moshi Limepasuka

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, maana kazini jambo hili halisemeki na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani hapa Kuhmo, Ufini, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikienda kwa Bi Lempi, mjane wa miaka tisini na mbili anayeishi peke yake, mwanamke mbishi ambaye wahudumu watatu walimkimbia kabla yangu, na siku ya kwanza aliniambia nashika fagio kama mtu anayeua nyoka, lakini tulizoeana hadi nikawa naenda hata siku zangu za mapumziko, kila Jumamosi nawasha jiko la sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke kilichoko uani, tunaoga, namsugua mgongo, kisha tunakunywa kahawa na mkate wa iliki, na ndani ya sauna hiyo ndimo alimozaliwa, naye alishaniambia nimwoshe humo humo akifa.

Majira ya baridi yaliyopita alianguka mle ndani, moyo ukamsumbua, daktari akamkataza sauna kabisa, na yeye akamjibu kwamba soksi zake zina umri mkubwa kuliko daktari, akanitaka niwashe moto kama kawaida, nami nikaogopa kwamba atafia mikononi mwangu, nikaogopa na maneno yake pia, basi nikamwambia fundi amelikagua bomba la moshi, limepasuka, tukiwasha tutachoma nyumba. Aliamini. Tangu hapo kila Jumamosi alikaa dirishani akilitazama lile bomba, chakula akikionja tu, na mimi niliona yote hayo nikanyamaza miezi minne.

Mwezi wa tano fundi halisi akaja, kama anavyokuja kila mwaka, nami nilikuwa nimemsahau kabisa. Alipanda juu, akashuka akilisifu bomba kwamba litadumu kuliko sote. Nilipofika Bi Lempi alikuwa mezani, hakupaza sauti.

"Miaka kumi na minne umenisugua mgongo, Arja," akasema. "Umeniona uchi, umeniona nikilia. Ukashindwa kuniambia kwamba unaogopa?"

Nikasema nilifanya hivyo kwa kumpenda.

"Mbwa ndiye anayependwa hivyo. Weka ufunguo mezani."

Sasa anaenda mwenzangu, anasema Bi Lempi anakunywa kahawa tu na kulala akitazama ukuta. Naogopa atakufa akiwa amenikasirikia. Nifanye nini?

Arja

Arja,

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekuonea huruma, lakini huruma haitakuondolea kosa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa fupi zaidi, maana nchi nzima inajua fundi wa mabomba ya moshi hupita kila mwaka. Tena ulimwona dirishani Jumamosi baada ya Jumamosi, na bado ukaenda zako nyumbani. Hilo ndilo linalomuuma, kuliko sauna yenyewe. Mtu aliyewashinda wahudumu watatu angeweza kabisa kusikia neno "naogopa." Mngegombana, angekutukana, mngekunywa kahawa.

Usiseme tena kwamba ulifanya kwa kumpenda. Ni kweli ulimpenda, na ni kweli pia ulimgeuza mtoto. Ameshalijua hilo.

Nenda kwake siku yako ya mapumziko, bila sare ya kazi. Usipeleke maua, atayatupa. Bisha hodi, ufunguo huna tena. Akifungua, sema ukiwa umesimama: nilikudanganya, niliogopa utakufa mbele yangu, nisamehe. Halafu nyamaza. Akikufukuza, kaa kwenye ngazi kidogo, kisha rudi wiki ijayo. Akikukaribisha, mpigieni daktari simu pamoja, yeye mwenyewe aulize kama moto mdogo na benchi la chini, pasipo joto kali, vitamfaa. Jibu likiwa hapana, mwache yeye aamue la kufanya na moyo wake, na wewe useme waziwazi kama utaweza kuwasha moto huo au hutaweza. Ukikataa, kataa ukimtazama usoni.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Wapo wasiosamehe, na ana haki hiyo. Lakini alikuomba umwoshe akifa, na sijasoma popote kwamba ameliondoa ombi hilo. Mtu hataki kuoshwa na mwongo, wala hataki kuoshwa na mgeni.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti hili linatoka Ijumaa. Kesho ni Jumamosi. Usimhesabie Jumamosi nyingine.